Shabaha na Majaliwa: Hekima ya Wastoa katika Kupanga Malengo ya Mtu Binafsi, kwa Mifano kutoka Musoma, Bunda na Butiama

1.0 Utangulizi

Neno lengo ni miongoni mwa maneno yanayotumika sana katika Kiswahili cha leo. Mipango ya serikali ina malengo, shule zina malengo, na kijana anayemaliza kidato cha nne huulizwa na wazazi wake lengo lake ni nini. Jambo lisiloulizwa mara nyingi ni lengo lenyewe ni kitu cha namna gani. Je, ni kile kinachotamaniwa kipatikane, au ni ile kazi anayoikusudia mtu kwa ajili ya kukipata? Tofauti hii yaweza kuonekana ndogo, lakini athari zake ni kubwa. Mtu aliyelifungamanisha lengo lake na matokeo yasiyokuwa mikononi mwake hujihesabu kuwa ameshindwa siku matokeo hayo yanapomkosa, hata kama kazi yake aliifanya vyema. Kinyume chake, aweza kujihesabu kuwa ameshinda kwa sababu ya bahati tu, ilhali kazi yake aliiharibu.

Makala haya yanajadili namna mafundisho ya wanafalsafa wa kale waitwao Wastoa yanavyoweza kumsaidia mtu kupanga malengo yake. Hoja kuu ni kwamba lengo lililo salama ni lile linalowekwa katika ubora wa kulenga, si katika kupata peke yake. Na kwamba Kiswahili, katika neno shabaha, kimekwishahifadhi tofauti hiyo ambayo Wastoa waliifafanua kwa kirefu. Mifano imechukuliwa kutoka Musoma, Bunda na Butiama katika mkoa wa Mara kwa sababu mbili. Kwanza, kazi za wakazi wa huko, yaani uvuvi, kilimo cha pamba na masomo, zinaonyesha wazi mpaka uliopo baina ya juhudi na majaliwa. Pili, Butiama ni nyumbani kwa Mwalimu Julius K. Nyerere, ambaye maisha yake yanatoa vielelezo vya malengo yaliyofikiwa na yasiyofikiwa.

2.0 Wastoa na Mafundisho Yao

Mwanzilishi wa mkondo huu wa falsafa ni Zeno, mzaliwa wa mji wa Kitio katika kisiwa cha Kipro. Masimulizi ya kale yanasema kwamba Zeno alikuwa mfanyabiashara, na kwamba aliingia katika falsafa baada ya jahazi lililobeba shehena yake kuzama. Yapata mwaka 300 K.K. alianza kufundisha mjini Athens chini ya ukumbi wa nguzo uliopambwa kwa picha. Ukumbi wa namna hiyo Wagiriki waliuita stoa, na Kiswahili kingeuita baraza bila taabu yoyote. Wastoa, basi, kwa maana ya asili ya jina lao, ni watu wa barazani.

Katika karne za baadaye mafundisho hayo yalienea Roma na kushikwa na watu wa hali mbalimbali. Seneca alikuwa tajiri na mshauri wa mfalme. Epictetus alizaliwa mtumwa na alikuwa kiwete. Marcus Aurelius alikuwa mfalme wa dola nzima kuanzia mwaka 161 hadi 180 B.K., katika miaka ya vita na tauni. Kwamba mtumwa na mfalme waliweza kufuata mafundisho yaleyale ni dalili kuwa mafundisho hayo hayakutegemea cheo wala mali.

Msingi wa mafundisho ya Epictetus, kama yalivyoandikwa na mwanafunzi wake Arrian, ni mgawanyo wa mambo yote katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mambo yaliyo katika uwezo wetu: hukumu tunazotoa moyoni, nia zetu, na yale tunayoamua kuyataka au kuyakataa. Fungu la pili ni la mambo yasiyo katika uwezo wetu: afya ya mwili, mali, sifa na vyeo. Anayeyachukulia mambo ya fungu la pili kama kwamba ni ya fungu la kwanza, kwa maoni ya Epictetus, hawezi kukwepa hofu, hasira na malalamiko.

Wastoa waliutumia mfano wa mpiga upinde kueleza uhusiano wa mafungu hayo mawili. Mfano huu umehifadhiwa katika maandishi ya Cicero. Mpiga upinde huchagua mshale, huvuta uzi, hutuliza mkono na kupima umbali. Hayo yote ni yake. Lakini mshale ukishaondoka, upepo waweza kuupotosha, na mnyama aweza kuruka. Kazi ya mpiga upinde, kwa hiyo, ni kufanya kila liwezekanalo ili apate. Kule kupata kwenyewe ni jambo linalochaguliwa na kupendelewa, lakini si kipimo cha mwisho cha ubora wake. Katika mjadala huu Kiyunani kilitumia maneno mawili: skopos, yaani kitu kinacholengwa, na telos, yaani ukomo wa kazi yenyewe, ambao ni kulenga vizuri.

Mafundisho haya si mageni kabisa kwa ulimwengu uliochangia kuijenga lugha ya Kiswahili. Mwanafalsafa Al-Kindi, aliyeandika kwa Kiarabu katika karne ya tisa, alitunga risala juu ya kuondoa huzuni ambayo ndani yake umo mfano wa abiria walioshuka chomboni, mfano unaofanana na ule wa Epictetus. Na msomaji wa Kiswahili amekutana na kivuli cha Ustoa katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka kwanza mwaka 1963 na kutolewa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Humo Kasio anamkumbusha Bruto kwamba falsafa yake haimfai kitu ikiwa mambo ya ajali yanamshinda, naye Bruto ndipo anapomwarifu kwamba mkewe amefariki. Ni mandhari yanayoonyesha kuwa falsafa ya uvumilivu hupimwa wakati wa msiba, si wakati wa mazungumzo.

3.0 Msamiati wa Kukusudia katika Kiswahili

Kiswahili kina maneno mengi yanayohusu kukusudia, na kila moja lina mahali pake. Nia ni jambo la moyoni, na ni la mwenyewe kabisa. Azma na azimio ni nia iliyokazwa na, kwa upande wa azimio, aghalabu kutangazwa. Lengo latokana na kitenzi -lenga, na kwa asili ni kile kinachoelekezewa macho na mkono. Matokeo ni yale yanayotoka baada ya kazi kwisha.

Neno shabaha linastahili kuangaliwa peke yake. Kwa upande mmoja, shabaha ni alama inayopigwa, kama inavyosemwa kwamba mtu amepiga shabaha. Kwa upande mwingine, shabaha ni ule ustadi wa kulenga: mwindaji husifiwa kwamba ana shabaha, na sifa hiyo haiondoki siku moja anaporudi mikono mitupu. Neno moja limebeba skopos na sehemu kubwa ya telos. Mswahili anaposema fulani ana shabaha, hasemi kwamba fulani hupata kila mara. Anasema kwamba fulani ana jicho, mkono na utulivu. Hiyo ndiyo maana ambayo Wastoa walitaka wanafunzi wao waishike.

Liko pia neno majaliwa, kutokana na -jalia. Msemaji wa Kiswahili anapoahidi safari huongeza tukijaliwa, Mungu akipenda au inshallah. Seneca aliwafundisha wasomaji wake jambo la namna hiyohiyo: mwenye hekima husema moyoni kwamba atasafiri, isipokuwa litokee la kumzuia. Ustoa huliita jambo hili sharti linalofungwa pamoja na nia. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku maneno haya mara nyingine hutumika kama kisingizio cha asiyekusudia kuja. Lakini kosa ni la mtumiaji, si la maneno. Kwa maana yake halisi, tukijaliwa haipunguzi nia. Inaonyesha tu mahali nia inapokoma na majaliwa yanapoanza.

4.0 Mifano kutoka Mara

4.1 Musoma: Mvuvi, Mtahiniwa na Azimio

Mvuvi wa dagaa katika Ziwa Viktoria huenda kazini usiku, hasa katika siku za giza la mwezi, akitumia taa kuwavuta dagaa. Katika mialo ya Musoma kazi yake huonekana mchana pia: nyavu hushonwa, mtumbwi huzibwa, taa hukaguliwa, na hali ya upepo hutazamwa. Kama lengo lake la usiku ule ni kujaza mtumbwi, basi amelikabidhi lengo hilo kwa ziwa. Kama lengo lake ni kuvua kwa ustadi, kurudi wakati upepo unapobadilika, na kutotumia nyavu zinazomaliza samaki wachanga, basi lengo hilo aweza kulitimiza hata usiku ambao dagaa hawakuonekana. Tena, yule aliyeapa kujaza mtumbwi kwa vyovyote ndiye aliye katika hatari ya kukaa majini dhoruba ikija. Hapa hekima ya Ustoa yaweza kuokoa roho.

Mfano wa pili unawahusu watahiniwa. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha kwamba asilimia 60 hivi ya watahiniwa nchini walipata daraja sifuri. Baada ya malalamiko, serikali iliyafuta matokeo hayo Mei 2013, yakapangwa upya, na idadi ya waliofaulu ikaongezeka. Jambo la kuzingatia ni kwamba karatasi za majibu zilikuwa zilezile. Hakuna mwanafunzi aliyeongeza neno katika jibu lake baina ya Februari na Mei. Kilichobadilika ni kipimo. Kijana aliyeambiwa Februari kwamba hana thamani, akaambiwa Mei kwamba amefaulu, alikuwa ni yuleyule. Kwa hiyo daraja, ingawa ni jambo lenye umuhimu mkubwa katika maisha na linalostahili kutafutwa kwa bidii, haliwezi kuwa kipimo cha nafsi. Kilichokuwa cha mwanafunzi ni saa alizosoma, maswali aliyouliza na uaminifu wake katika chumba cha mtihani.

Mji wa Musoma una nafasi ya pekee pia katika historia ya malengo ya taifa. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapo na kutoa Azimio la Musoma, ambalo pamoja na mambo mengine liliamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe Novemba 1977. Watoto wengi mno waliingia shuleni, na hilo ni jambo la heshima. Ili kupata walimu wa kutosha, vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa kazi huku wakifundisha. Baadaye malalamiko juu ya ubora wa elimu yalikuwa mengi. Kwa lugha ya sehemu iliyotangulia, shabaha kwa maana ya alama ilipigwa kwa kiasi kikubwa, lakini shabaha kwa maana ya ustadi ilipungua. Lengo lenye tarehe na idadi lina nguvu ya kusukuma watu. Lisipoambatana na lengo la ubora wa kazi, laweza kufikiwa na bado likaacha deni.

4.2 Bunda: Mkulima wa Pamba

Mkulima wa pamba wa Bunda anafahamu vizuri mafungu mawili ya Epictetus, hata kama hajapata kulisikia jina hilo. Yaliyo yake ni kutayarisha shamba mapema, kupanda kwa mistari, kupunguzia miche, kupalilia, kupulizia dawa dhidi ya funza wa vitumba, kuchuma pamba safi bila kuchanganya na chafu, na kung'oa na kuchoma miti ya pamba baada ya mavuno ili wadudu wasivuke msimu. Yasiyo yake ni mvua na bei. Tangu biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, mkulima ameona wazi zaidi kwamba bei ya kilo moja hutegemea soko la dunia, ambalo halimjui.

Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, liko fungu jingine: tembo. Mashamba yaliyotunzwa miezi mitatu huweza kuharibiwa kwa usiku mmoja. Wapo wakulima wanaozungushia mashamba kamba zilizopakwa mchanganyiko wa oili chafu na pilipili, na kulinda kwa zamu. Uzio huo ni kielelezo kizuri cha jambo linaloweza kufanywa mbele ya jambo lisilotawalika. Haumwamrishi tembo, unapunguza tu uwezekano wa hasara. Mkulima anayejiwekea lengo la kupata magunia kadhaa amepanga nusu tu. Mkulima anayejiwekea lengo la kumaliza palizi ya kwanza kwa wakati, kushika zamu yake ya ulinzi na kuweka akiba ya mtama kabla ya kutegemea fedha ya pamba, amepanga jambo ambalo jioni aweza kujiuliza kama amelifanya au hakulifanya.

4.3 Butiama: Kielelezo cha Mwalimu

Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki, wala makala haya hayadai kwamba alikuwa Mstoa. Maisha yake yanatumiwa hapa kama kielelezo tu. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, na mwaka 1934 alianza masomo katika shule ya Mwisenge mjini Musoma, yapata kilomita 40 kutoka nyumbani. Hakuna mtoto wa miaka 12 wa wakati ule ambaye angeweza kujiwekea lengo la kuwa Rais wa nchi ambayo haikuwa huru. Lililokuwa mikononi mwake lilikuwa somo la siku ile.

Matukio matatu ya baadaye yanafaa kuangaliwa. La kwanza ni la Januari 1962, alipojiuzulu uwaziri mkuu wiki chache tu baada ya uhuru ili akijenge chama. Aliweza kutenganisha kazi na cheo, ambavyo watu wengi huviona kuwa ni kitu kimoja. La pili ni la mwaka 1985, alipoacha urais na kurudi Butiama kulima. Kabla ya hapo alikuwa amekiri kwamba kuvunjwa kwa serikali za mitaa na vyama vya ushirika katika miaka ya 1970 kulikuwa makosa. Kukiri huko ni sehemu ya shabaha: mlengaji asiyetazama mshale wake ulikoangukia hawezi kurekebisha mkono. La tatu ni usuluhishi wa mgogoro wa Burundi, alioushika tangu mwaka 1996. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 kabla ya mapatano kutiwa saini. Yalitiwa saini Arusha Agosti 2000, yeye akiwa amekwishazikwa Mwitongo, Butiama. Kwa kipimo cha matokeo peke yake, kazi hiyo ilimkatikia mkononi. Kwa kipimo cha mpiga upinde, mshale ulikuwa umekwishaondoka vizuri.

5.0 Namna ya Kupanga Lengo

Kutokana na mjadala huu, hatua nne zaweza kupendekezwa.

Kwanza, lengo litazamwe katika kitenzi chake. Sarufi ya Kiswahili inatoa kipimo chepesi. Malengo kama nichaguliwe, nipewe na nipendwe yako katika kauli ya kutendwa, na kila kauli ya kutendwa ina mtendaji mwingine, hata kama hakutajwa. Mwenye lengo hana budi kumtafuta mtendaji huyo aliyefichika, kisha aligeuze lengo lake liwe tendo lake mwenyewe: badala ya nichaguliwe, niandae maombi yangu kwa ukamilifu. Kipimo hiki hakitoshi peke yake, kwa maana kufaulu na kupata, ingawa ni vitenzi vya kutenda, huhitaji mkono wa mwingine; lakini ni mwanzo mzuri.

Pili, yatazamwe yanayotangulia na yanayofuata. Epictetus alimshauri anayetaka kushinda michezo ya Olimpia afikirie kwanza mazoezi, miiko ya chakula, joto na baridi, majeraha na uwezekano wa kushindwa, kisha ndipo aamue. Asiyefanya hivyo, alisema, atafanana na watoto ambao leo hucheza mieleka na kesho hupiga tarumbeta. Wahenga nao walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mvungu utazamwe kabla ya kuinama.

Tatu, lengo lifungwe kwa majaliwa. Msichana wa Bunda anayekusudia kusomea ualimu aseme atasomea ualimu akijaliwa, na tena ajue ni nini atakachofanya asipochaguliwa. Kufikiria kizuizi mapema si kujitakia mabaya. Ni kama mvuvi anayebeba kata ya kupigia maji.

Nne, iwepo hesabu ya jioni. Seneca alieleza desturi yake ya kuipitia siku nzima kabla ya kulala, akijiuliza ni kosa gani amelirekebisha na ni wapi amekuwa bora zaidi. Hesabu hiyo ihusu matendo, si matokeo.

6.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi ya kwanza ni kwamba mafundisho haya huzaa uvivu. Kama matokeo hayako mikononi mwetu, juhudi ni za nini? Methali isemayo jitihada haiondoi kudura huweza kutumiwa kutetea mawazo hayo. Mstoa Chrysippus alikutana na hoja ya namna hii katika mfano wa mgonjwa: ikiwa imeandikwa kwamba atapona, atapona hata asipomwita mganga. Jibu lake lilikuwa kwamba kupona na kumwita mganga huandikwa pamoja. Mvua haimpi mavuno asiyepanda. Methali hiyohiyo, ikisomwa kwa makini, haikanushi jitihada. Inazikadiria mipaka yake.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Kumwambia mkulima kwamba bei haiko mikononi mwake kwaweza kuwa njia ya kumnyamazisha mbele ya dhuluma. Hapa ni lazima kukumbuka kwamba haki ilikuwa miongoni mwa fadhila kuu nne za Wastoa, na kwamba mpaka wa uwezo wa mtu mmoja si mpaka wa uwezo wa wengi. Bei haiko katika mkono wa mkulima. Kujiunga na ushirika, kuhudhuria mkutano, kukagua mizani na kuuliza hesabu ya viongozi viko katika mkono wake. Kadhalika, mwaka 1954 uhuru wa Tanganyika haukuwa katika uwezo wa mtu yeyote mmoja aliyehudhuria kuanzishwa kwa TANU. Kuhudhuria kulikuwa katika uwezo wao. Ustoa unaotumiwa kuhalalisha unyonge umesomwa nusu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ugumu wa kupanga malengo hautokani tu na udhaifu wa nia, bali pia na kuchanganya mambo mawili ambayo lugha na hekima huyatenganisha: shabaha na majaliwa. Mvuvi wa Musoma, mkulima wa Bunda na mtahiniwa wa popote hawaombwi kuacha kutamani samaki, bei nzuri au daraja la kwanza. Wanaombwa kuyapendelea hayo bila kuyafanya kuwa kipimo cha utu wao. Walimu na wazazi wana wajibu katika jambo hili, kwa kuwa wao ndio huuliza swali la kwanza. Badala ya kumuuliza kijana anataka kupata nini peke yake, wamuulize pia anakusudia kufanya nini, kesho asubuhi, kwa mikono yake. Jibu la swali hilo la pili ndilo analoweza kulitolea hesabu, na ndilo litakalobaki lake hata matokeo yakiwa vinginevyo.